Mafuta Yasiyoganda

Peris Moraa aliweka picha ya mtoto mezani, kati ya mizani na chupa ya mafuta ya zeituni, akaigeuza ili mwenye nyumba aione vizuri.

“Anaitwa Shiro,” alisema. “Ana miezi saba. Huo si upele, Mama Vasanti. Hapo ngozi imeungua.”

Mwanamke aliyeketi upande wa pili alikuwa na miaka sitini na minane, mwembamba, nywele nyeupe amezibana nyuma kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi. Alizaliwa Kisumu, akalelewa dukani kwa baba yake, na miaka arobaini ya ughaibuni, Woolwich, haikukipinda Kiswahili chake hata kidogo. Aliitazama picha bila kukwepa. Kisha akaisukuma kwa kidole kimoja.

“Mimi natengeneza sabuni miaka kumi na tisa,” alisema. “Hakuna mtu ameungua. Muulize huyo mama alimpaka mtoto nini kingine.”

“Nimemuuliza.”

“Muulize tena!”

“Mama, jana nilikuwa kwa Makena, mama yake, nikimshikia huyu mtoto wakati anabadilishwa bandeji.” Sauti ya Peris ilianza kupanda, naye hakuizuia. “Makena ni nesi. Anajua ngozi. Alimwosha mtoto kwa sabuni yenye karatasi yako, jina lako, na mwandiko wako umesema ‘laini, kwa watoto’. Sikuja hapa kumuuliza Makena. Nimekuja kukuuliza wewe.”

Vasanti akapiga meza kwa kiganja. Mizani ikaruka.

“Kaunsili walinitoa sokoni Jumamosi mbele ya watu wote! Jumapili mtu akanirushia mayai mlangoni. Leo wewe umekuja na picha. Mmeshahukumu. Kwa nini hata unauliza?”

Lilikuwa swali zuri, na Peris hakulipenda. Asubuhi ile mkuu wake ofisini, Collins, alikuwa amemwambia karibu maneno hayohayo. Mama mzee, jikoni pake, kostiki kupita kiasi. Mpelekee karatasi ya kukiri, asaini, jalada lifungwe Ijumaa. Peris alikuwa mkaguzi wa bidhaa wa halmashauri kwa mwaka wa tisa sasa. Alishakamata wanasesere wenye macho yanayong’oka na kumsonga mtoto, chaja zinazolipuka, na krimu zinazowachuna wanawake nyuso. Kabla ya hapo alifundisha kemia kwenye shule ya wasichana Nyamira, na ualimu ulikuwa umemwachia ugonjwa mmoja: hakuweza kusahihisha jibu bila kuona hesabu ilivyofanywa.

“Sijahukumu,” alisema. “Nionyeshe ulivyoitengeneza. Kila hatua, kila chombo. Usiruke kitu.”

Vasanti alisimama kwa hasira, akaanza kufungua makabati na kuyabamiza.

Akatoa sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Akatoa glavu, miwani ya kukinga macho, jagi la plastiki nene, blenda ya mkono, na boksi refu la mbao la kumiminia sabuni, lililotandikwa karatasi. Mwisho akatoa daftari la shule lenye jalada la bluu. Ndani yake kila sabuni aliyowahi kupika ilikuwa na ukurasa wake.

Peris akasoma ukurasa wa tarehe nane Desemba. Mafuta ya nazi gramu mia sita. Mafuta ya zeituni gramu mia sita. Kostiki gramu mia moja themanini na moja. Akachukua kalamu, akapiga hesabu pembeni ya karatasi yake mwenyewe. Kila mafuta yana kipimo chake cha kostiki, magadi makali yanayoyageuza kuwa sabuni, na mtengenezaji mwangalifu hupunguza kidogo ili mafuta yabaki na kostiki iishe. Vasanti alikuwa amepunguza asilimia tano. Hesabu ilikuwa safi kama ya kitabuni.

“Basi mizani yako inadanganya,” Peris alisema.

Kwenye mkoba alikuwa na mawe ya shaba ya ofisi, yaliyopigwa muhuri. Akaliweka la gramu mia moja. Mizani ikasema mia moja. La mia mbili, mia mbili. Akayaweka yote mawili, akayatoa, akayarudisha, akabadilisha betri, akarudia. Mizani haikukosea hata gramu.

“Umeridhika?” Vasanti aliuliza.

“Bado. Kostiki yenyewe iko wapi?”

Kopo lilikuwa juu kabisa, limefungwa barabara, na chembe zake ndani zilikuwa kavu, zikicheza kama mchele. Hata kama ingekuwa imenyonya unyevu, Peris alijua, kostiki iliyolowa hupungua nguvu. Haiongezeki.

Akarudi kwenye daftari. Chini ya vipimo, kwa wino mwingine, Vasanti alikuwa ameandika: *Imechelewa kushikana. Siku ya pili mafuta yamepanda juu. Nimekoroga tena. Baridi?*

“Hii nini?”

Vasanti akasita kwa mara ya kwanza. “Siku hiyo ilinisumbua. Kwa kawaida dakika tano za blenda, inakuwa nzito kama uji. Hiyo ilichukua nusu saa. Kesho yake nikakuta mafuta yanaelea. Nikairudisha kwenye sufuria, nikakoroga mpaka ikashika. Nilisema ni baridi. Nilikuwa nimefungua dirisha kwa ajili ya mvuke wa kostiki.”

“Kwa hiyo iliwahi kukukataa, na ukaiuza.”

“Ilikomaa wiki sita! Ilikuwa ngumu! Wewe unajua nini kuhusu sabuni?”

“Najua kwamba baridi inaweza kukudanganya. Mafuta yanapoa, yanakuwa mazito, unadhani sabuni imeshikana kumbe kostiki imekaa pembeni peke yake. Halafu kipande kimoja kinakuwa kizuri na cha pili yake kinachoma.”

“Ndiyo! Baridi! Si ndiyo nasema?”

“Tutaona.”

Peris akavaa glavu, akatoa vipande vitano vilivyorudishwa na wanunuzi. Kila kimoja kilikuwa na namba nyuma, kwa sababu Vasanti alikuwa na desturi ya kuhesabu vipande tangu mwanzo wa boksi hadi mwisho. Cha pili, cha tisa, cha kumi na nne, cha kumi na tisa, cha ishirini na tatu. Akavikata katikati kwa kisu. Kando yake akaweka kipande cha zamani cha mwezi wa Oktoba. Kisha akatoa kichupa cha dawa ya matone isiyo na rangi, inayogeuka waridi ikikuta kostiki.

Tone likaanguka juu ya sabuni ya Oktoba. Likabadilika kidogo sana, kama kidole kilichoguswa na zambarau na kufutwa.

Tone likaanguka juu ya kipande cha pili. Likawaka rangi ya waridi iliyokolea. Cha tisa, vilevile. Cha kumi na nne. Cha kumi na tisa. Cha ishirini na tatu. Akaweka matone katikati, pembeni, kwenye kona. Kila mahali rangi ilikuwa ileile.

Vasanti alikuwa amekaa chini bila kujua kwamba amekaa.

“Si baridi,” Peris alisema. “Baridi ingechagua. Hii haikuchagua. Boksi zima limebaki na kostiki.”

Alikuwa anafunga kichupa alipoona karatasi ya kaki iliyokuwa chini ya vipande. Kila kipande cha Desemba kilikuwa kimeacha doa la mafuta. Kile cha Oktoba hakikuacha kitu.

Akachukua kipande kimojawapo, akakisugua juu ya sehemu kavu. Doa. Akarudia. Doa kubwa zaidi.

“Mama,” alisema taratibu, “sabuni yenye kostiki nyingi inakuwaje?”

“Ngumu. Inavunjikavunjika, nyeupe kama chaki.”

“Na yenye mafuta mengi?”

“Laini. Inateleza, inachafua mikono. Lakini haichomi.”

“Hii inachoma na inachafua mikono. Kostiki imebaki haina cha kula, na mafuta yamebaki hayajaliwa. Ndani ya boksi moja. Yamekaa pamoja miezi miwili kama mke na mume walionuniana. Imewezekanaje?”

Badala ya jibu, Vasanti akatoa jina.

“Dinah,” alisema. “Yule wa meza ya jirani sokoni. Alikuja hapa siku hiyohiyo, anadai nimechukua kona yake. Tukagombana. Simu ikalia, nikaenda sebuleni, nikamwacha hapahapa jikoni na sufuria. Dakika kumi. Amemwaga kitu. Amenichukia miaka mingi.”

Alilisema kwa uchungu wa mtu aliyetafuta adui usiku kucha na hatimaye amempata. Peris akaliandika jina, akafunga mkoba.

*

Soko la Woolwich siku ya Alhamisi lilikuwa na upepo unaokata masikio. Dinah alikuwa nyuma ya meza yake, jaketi mbili, moja juu ya nyingine, akipanga vitambaa vya kichwa, nywele za kusukia na chupa za mafuta. Alimwona Peris akija na kitambulisho mkononi, akaweka mikono kiunoni.

“Vasanti amenitaja,” alisema kabla hajasalimiwa.

“Ulikuwa jikoni kwake tarehe nane Desemba?”

“Nilikuwa. Nilienda kumtukana. Nikamtukana, nikatoka. Hiyo kona ni yangu tangu mume wake akiwa hai, muulize yeyote.”

“Alikuacha peke yako na sufuria.”

“Mimi nilisimama mlangoni nimeshika pua! Hiyo kitu yake inanuka kama betri. Nikaguse nini pale? Na nikuambie, madam, mimi namchukia huyo mama, hilo sifichi. Lakini bafuni kwangu kuna sabuni yake. Ile aliyoleta sokoni mwezi uliopita. Imenitoa ngozi hapa.” Akavuta mkono wa jaketi. Kifundo chake kilikuwa chekundu, kimepasuka. “Mtu anaweza kutia sumu chungu kisha akapakua na kula?”

Peris alikitazama kifundo kwa muda. Adui wa Vasanti alikuwa mhanga kama wengine.

“Ulikwenda hospitali?”

“Nitakwenda saa ngapi? Napaka tu mafuta. Nayo mafuta siku hizi ni shida tupu.” Hasira ya Dinah ikapata njia nyingine. “Hii pomedi natengeneza mwenyewe, mafuta ya nazi na nta. Miaka yote inakaza vizuri. Tangu Desemba inakataa, imekuwa kama mchuzi. Wateja wananirudishia chupa. Nimeongeza nta mpaka nimechoka, nikasema labda ni mkono wangu umeharibika.”

Peris aliinua chupa moja kutoka mwisho wa meza. Karatasi yake iliandikwa *mafuta halisi ya nazi*. Akaigeuza. Mafuta yakateremka ndani, yenye ukungu kidogo, mepesi kama uji wa mtoto. Akaangalia saa ya duka la dawa ng’ambo ya barabara, iliyokuwa ikionyesha pia hali ya hewa. Nyuzi nne.

“Hizi chupa zimekaa hapa nje tangu saa ngapi?”

“Tangu saa mbili asubuhi.”

“Na sasa ni saa saba. Saa tano kwenye baridi hii. Dinah, mafuta ya nazi Februari yanakuwaje?”

Dinah akaitazama chupa. “Yanaganda,” alisema. “Yanakuwa kama mshumaa. Unachimba kwa kijiko.” Akaichukua chupa kutoka mkononi mwa Peris, akaitikisa, akaitikisa tena. “Mzee Harrison alisema haya ni ya daraja la juu. Alisema yamechujwa ndiyo maana hayagandi.”

“Harrison yupi?”

“Mzee wa kanisa. Ana duka pale nyuma, kwenye kichochoro. Sisi sote tunanunua kwake. Hata huyo Vasanti wako.”

*

Peris alirudi kwa Vasanti akitembea haraka kiasi kwamba alifika anahema. Hakueleza kitu. Aliuliza tu mafuta ya nazi yanawekwa wapi, na Vasanti akamfungulia kabati la boila, mtambo wa maji ya moto, kule kwenye joto, mahali ambapo mafuta yoyote duniani hubaki maji. Ndani kulikuwa na kopo la bati la lita tano, robo yake limebaki, lenye karatasi ya duka la Harrison. Lilifunguliwa tarehe saba Desemba; mwandiko wa Vasanti ulisema hivyo ubavuni.

Walimimina kidogo kwenye glasi. Kwenye glasi ya pili wakaweka mafuta ya nazi ya dukani ambayo Peris alikuwa amepitia kununua, wakayayeyusha kwanza ili mashindano yawe ya haki. Glasi zote mbili wakaziweka nje ya dirisha.

Wakati wanasubiri, Peris alifanya jaribio alilokuwa akiwafundisha wasichana wa kidato cha tatu. Kijiko cha mafuta ya Harrison ndani ya chupa nene, kostiki kidogo, spiriti, na chupa ikasimama ndani ya beseni la maji ya moto, mbali na moto wowote. Akatikisa, akasubiri, akatikisa. Mafuta ya kweli yakikutana na kostiki ndani ya spiriti hugeuka sabuni yote, na ukiongeza maji, yanayeyuka humo yakapotea.

Aliongeza maji.

Povu likapanda. Chini yake maji yakawa ya maziwa. Na juu kabisa, pole pole, tabaka la mafuta maangavu likakusanyika, likatulia, likagoma kuondoka. Peris akalipima kwa rula. Karibu theluthi moja ya alichomimina.

“Hilo nini?” Vasanti alinong’ona.

“Hilo si la mnazi wala la mmea wowote. Ni mafuta ya ardhini, Mama. Ndugu yake mafuta ya taa, yamesafishwa hadi hayana harufu wala rangi. Wanapaka mashine. Kostiki haiyawezi, hata ukiviacha pamoja miaka kumi. Wewe ulipima kostiki ya gramu mia sita za mafuta ya nazi. Mle kulikuwa na mia nne. Kostiki ya zile mia mbili nyingine ilikosa kazi, ikasubiri ngozi ya mtu.”

Vasanti alifungua dirisha. Glasi ya dukani ilikuwa nyeupe, imeshika. Ya Harrison ilikuwa uji mwepesi, unayumba. Aliinua glasi hiyo kana kwamba angeitupa barabarani, na Peris akamshika mkono.

“Hiyo ni ushahidi.”

“Ananiita dada yake,” Vasanti alisema, meno yameumana. “Kila nikienda. Karibu dada yangu wa Kisumu.”

*

Duka la Harrison lilikuwa dogo na safi, na nyuma ya kaunta palitundikwa kalenda ya kanisa. Mwenyewe alikuwa na suti ya kijivu na tabasamu la mtu aliyezoea kushika kipaza sauti. Peris alijitambulisha, akamsomea maneno ya sheria: halazimiki kusema chochote, na atakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Tabasamu halikupungua.

“Moraa. Wewe ni wa Kisii,” alisema. “Mimi mama yangu alikuwa wa huko. Keti, dada. Chai?”

“Mafuta ya nazi unayapata wapi?”

“Kwa mtu wa jumla. Karatasi ninazo zote.”

“Yakija yanakuwa yamechujwa hivi, yasigande?”

“Daraja la juu.”

“Nifungulie chumba cha nyuma.”

“Dada, mambo ya nyuma ni fujo tu…”

“Mzee Harrison, nina hati. Unafungua wewe au nafungua mimi?”

Chumba cha nyuma kilikuwa na ndoo za mafuta ya nazi yaliyoganda, meupe, mazuri, ya kweli. Kilikuwa na hita ya umeme ya kuyayeyushia. Kilikuwa na mrija, faneli, makopo matupu. Na kwenye kona, limefunikwa shuka, kulikuwa na pipa la bluu. Peris alivuta shuka. Maandishi ya pipa yalisema ni mafuta meupe ya kulainisha mashine na kukinga mbao.

Alipiga picha kumi na mbili. Harrison alikuwa amesimama mlangoni na mikono ameikunja kama anayeongoza sala.

“Nazi ilipanda bei,” alisema. “Watu wetu hawana uwezo. Niliyarefusha kidogo, basi. Si sumu. Mafuta ya namna hii watoto wanapakwa kila siku, kwenye chupa za dukani. Mafuta yangu hayajamchoma mtu.”

“Kweli. Hayakumchoma.” Peris aligeuka. Alijua kwamba akikaribia hatua moja zaidi atafanya jambo la kumfukuzisha kazi. “Yaliacha kostiki imchome. Ungeandika kwenye kopo, Vasanti angepiga hesabu nyingine. Mstari mmoja tu, Mzee. Hukutaka kuandika mstari mmoja.”

“Yule Mhindi anacheza na kostiki jikoni halafu mimi…” Akajikatiza, akalegeza sauti. “Dada, tuelewane. Sisi ni watu wa nyumbani. Karatasi ya yule mama si iko tayari? Nasikia anasaini. Ana miaka mingi, hawatamfunga. Mimi nina kanisa nyuma yangu. Ukiniangusha mimi, umeangusha wangapi?”

“Makena ni wa kanisa lako?”

Harrison alianza kunyoosha koti la suti yake.

“Nimekuuliza. Mama yake Shiro ni wa kanisa lako?”

“Ni… ni mshirika, ndiyo.”

“Jumapili mlimwombea mtoto?”

Harrison alitazama sakafu.

“Ulishika kipaza sauti wewe?”

Peris alitoka hadi kaunta, akaichukua simu ya mzee yule, akamkabidhi.

“Nani mwingine anayenunua kwako kwa ajili ya sabuni?”

“Wawili tu. Sonal wa Plumstead. Na mama mmoja wa Tottenham, Lila.”

“Wapigie. Sasa hivi, sauti nje, mbele yangu. Nitaandika kwenye taarifa kwamba ulisaidia, au nitaandika kwamba ulikataa.”

Lila hakuwa amepika kitu tangu Novemba. Kopo lake lilikuwa bado limefungwa. Sonal alipokea kwa furaha. Harrison akakohoa, akasema kuna hitilafu ndogo na yale mafuta, labda asiyatumie kwa sasa.

“Sema vizuri,” Peris alisema.

“Dada Sonal, kuna… yalichanganyika kidogo…”

“Hayakuchanganyika yenyewe! Sema ulichanganya. Sema na nini.”

Jasho lilikuwa limemtoka mzee wa kanisa kwenye mdomo wa juu. “Niliyachanganya,” alisema. “Na mafuta ya mashine. Theluthi. Ukiwa umepika sabuni, itakuwa inachoma.”

Sauti ya Sonal ikaja nyembamba, haina furaha tena. “Nimefunga vipande sitini,” alisema. “Viko kwenye boksi hapa mlangoni. Jioni hii nilikuwa navipeleka kwa nyumba ya wazee. Wanawaosha wale wasioweza kutoka kitandani. Harrison? Harrison, unanisikia? Hao watu hawawezi hata kusema kwamba inauma!”

Peris alichukua simu, akampa Sonal namba yake na amri ya kutogusa boksi. Alipomaliza alivuta kiti, akaketi mlangoni mwa chumba cha nyuma, akampigia Collins.

“Lile jalada la Ijumaa halifungwi,” alisema. “Tuma gari na watu wawili. Na ile karatasi ya kukiri ya mama mzee, ichane.”

*

Saa kumi na moja alikuwa tena jikoni kwa Vasanti, na fomu ya maelezo mbele yake. Alikuwa amemsimulia yote. Alitarajia shukrani, au machozi. Vasanti alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu kama wazee wa Sonal wamesalimika. Alipoambiwa ndiyo, akaitikia kwa kichwa mara moja.

Fomu ilikuwa na swali moja limebaki. Peris alilisoma kwa mazoea, kalamu tayari, huku akiwaza basi la kurudi nyumbani.

“Kabla ya kuuza, uliijaribuje?”

Vasanti aliifuta meza kwa kiganja.

“Mama? Ni utaratibu tu. Uliijaribu vipi?”

“Kwa ulimi,” Vasanti alisema. “Mama yangu mkubwa alinifundisha hivyo. Unagusa kwa ncha ya ulimi. Ikikupiga, haijafaa.”

“Na hii ilikupiga?”

“Sikugusa.”

Kalamu ya Peris ilisimama.

“Miaka ya kwanza nilikuwa nagusa kila boksi,” Vasanti alisema. “Halafu haikuwahi kunipiga. Kumi, kumi na mbili, haijanipiga. Nikaacha. Nikasema mkono wangu naujua. Iligoma kushikana, nikaiandika kwenye daftari, nikaona mafuta yanaelea kwa macho yangu, na sikuweka ulimi. Nikaandika ‘kwa watoto’.”

“Mama,” Peris alisema, na hasira aliyokuwa ameimaliza kwa Harrison ikarudi, safari hii haina pa kwenda. “Kwa nini unaniambia? Hakuna angejua. Nikiandika hili hapa, wakili wa Harrison atalishika. Atakutupia nusu ya mzigo.”

Vasanti aliinuka. Akanyoosha mkono kwenye vipande vilivyokatwa, vilivyokuwa bado mezani, akachukua cha kumi na nne, na kabla Peris hajawahi kumzuia akakigusa kwa ulimi.

Mwili wake wote ulishtuka. Macho yakamtoka machozi, mkono mwingine ukashika ukingo wa meza. Hakutema. Alisimama hivyo, amefumba mdomo, akihesabu moyoni au akisali, kisha akakiweka kipande chini, akaenda kwenye bomba, akasukutua kwa muda mrefu. Aliporudi maneno yake yalikuwa mazito, kama ya mtu aliyetoka kung’olewa jino.

“Sekunde moja,” alisema. “Ingenichukua sekunde moja.”

Akavuta kiti, akaketi mbele ya Peris, akaigeuza fomu kidogo ili aone mstari uliokuwa mtupu.

“Andika,” alisema.

Peris akaandika.